Namna ya Kuzikinga Seli za Moyo na Ubongo: Mwongozo kwa Nyumba za Unguja na Pemba

Kidumu cha mafuta ya alizeti kikiachwa wazi dirishani, jua likikipiga, haichukui muda mrefu mafuta yale yakaanza kunuka. Oksijeni ya hewani imeyala. Huanza na molekuli moja ya mafuta, hiyo ikaharibu ya jirani, ya jirani ikaharibu ya tatu, mpaka kidumu kizima kikachacha. Jambo hilohilo hutokea ndani ya kichwa cha mtu. Utando wa kila seli ya ubongo umejengwa kwa mafuta laini, mengi yake ya jamii ya mafuta ya samaki, na hayo ndiyo huchacha upesi kuliko yote. Juu ya hayo, ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Moyo nao hupiga kama mara 100,000 kwa siku bila ya kupumzika. Ngozi ikikatika huota tena. Seli za moyo na za ubongo zikifa, takriban hazina mbadala.

Kwa hiyo inafaa kujua cheche zinazoanzisha uharibifu huo zinatoka wapi. Ndani ya kila seli mna majiko madogo yanayoitwa mitokondria, ambayo huchoma chakula kwa oksijeni ili kutoa nguvu. Sehemu ndogo ya oksijeni hiyo hutoka jikoni ikiwa na elektroni isiyo na mwenziwe, na hapo huwa kali, ndiyo cheche yenyewe: huing'ang'ania protini, mafuta au vinasaba vilivyo karibu nayo. Mwili una zimamoto wake. Kimeng'enya kinachoitwa supaoksidi dismutase huishika cheche ya kwanza na kuigeuza kuwa hidrojeni peroksaidi, kisha katalezi na glutathioni peroksidezi huigeuza hiyo kuwa maji. Vimeng'enya hivi hutengenezwa na mwili wenyewe, vikihitaji protini, zinki, shaba, manganizi, seleni na chuma kutoka kwenye chakula cha kawaida: dagaa, mayai, kunde, mboga za majani.

Madhara huja pale cheche zinapokuwa nyingi kuliko zimamoto. Na zinazoziongeza ni mambo ya kila siku: presha iliyopanda, sukari ya damu iliyozidi, moshi, tumbaku, usingizi unaokatikakatika, na damu kuzibwa isifike mahali. Kazi yetu kubwa ni kupunguza cheche. Watu wengi hufanya kinyume, hununua maji ya kuzimia moto huku petroli inaendelea kumwagika.

Kwanza, karafuu na vidonge vya vitamini

Inasemwa sana kwamba karafuu ndiyo kinga kuu ya moyo kwa sababu maabara zimeipima na kuikuta na nguvu kubwa ya kuzuia uoksidishaji, yaani kule kuchachishwa na oksijeni. Kipimo hicho ni cha kweli, lakini kilifanywa ndani ya kichupa. Yujenoli, ambayo ndiyo mafuta yanayoipa karafuu harufu yake, ikimezwa hupita kwenye ini na kubadilishwa upesi, na kiasi kinachobaki kufika kwenye seli ya moyo ni kidogo sana. Karafuu tatu nne kwenye pilau au kwenye chai hazina ubaya wowote, zina ladha, na zinasaidia kupunguza chumvi kwa sababu chakula chenye viungo hakihitaji chumvi nyingi. Hiyo ndiyo faida yake ya hakika.

Mafuta ya karafuu ya kunywa ni jambo jengine kabisa. Kipimo cha mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, kimewahi kumtia mtoto mdogo kwenye koma na kuharibu ini lake. Chupa ya mafuta hayo iwekwe juu, mbali na watoto, kama inavyowekwa dawa. Na mtu anayetumia waferini, dawa ya kuzuia damu isigande, asianze kunywa mafuta ya karafuu wala maji yake mazito bila ya kumwambia daktari wake, kwani yujenoli huzidi kuilegeza damu.

Vidonge vya vitamini vimepimwa kwa watu maelfu kwa maelfu, na majibu hayakuwa mazuri. Nchini Finland wavuta sigara waliopewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Matokeo yalichapishwa 1994. Mwaka 2000 ikaonekana kwamba vitamini E ya yuniti 400 kwa siku haikuwakinga wagonjwa wa moyo dhidi ya kiharusi wala mshtuko wa moyo. Na utafiti wa Ujerumani wa 2009 uliwakuta watu wanaofanya mazoezi huku wakimeza vitamini C na E kwa wingi wakikosa sehemu ya faida ya mazoezi hayo. Sababu ni kwamba cheche chache ni ujumbe. Misuli ikifanya kazi hutoa cheche kidogo, seli zikaziona, zikaongeza zimamoto wao wenyewe. Ukizifuta zote kwa kidonge, ujumbe haufiki. Vitamini iliyomo ndani ya pera au mchicha haina tatizo hilo, kwa sababu huja kidogo kidogo na pamoja na vitu vyengine vingi.

Pesa ya chupa moja ya vidonge hivyo weka akiba ya kununulia mashine ya presha.

Presha: hapa ndipo cheche nyingi zinapotoka

Damu inapopita kwa nguvu iliyozidi huusugua ukuta wa ndani wa mshipa. Ukuta huo hujibu kwa kuwasha kimeng'enya kinachotoa oksijeni kali, na oksijeni hiyo huila naitriki oksaidi, gesi ambayo mshipa huitumia kujilegeza. Mshipa ukikosa gesi hiyo hukaza, ukikaza presha hupanda zaidi. Lehemu inayopita nayo huoksidishwa ndani ya ukuta, na lehemu iliyochacha ndiyo inayoanzisha mabonge yanayoziba. Haya yote hayaumi. Mtu anaweza kuwa na presha ya 170 kwa 100 kwa miaka na akalima, akavua na akasherehekea.

Kipimo kikichukuliwa vibaya kitakudanganya, na mara nyingi kinachukuliwa vibaya. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala usivute sigara. Nenda haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, egemea, miguu yote miwili ikanyage chini bila ya kupishanishwa, tulia dakika tano. Mkono uwe wazi; usifunge mkanda juu ya kanzu wala baibui, na usikunje mkono wa nguo mpaka ukabana. Weka mkono juu ya meza au mto, mkanda uwe usawa wa moyo. Mkono ukining'inia chini, namba hupanda. Usizungumze, hata kumjibu anayekupima: kuzungumza pekee kunaweza kuongeza pointi kumi. Pima mara mbili, dakika moja kati yake, uandike zote mbili.

Saizi ya mkanda hupuuzwa sana. Mkanda wa kawaida unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, upimwe kwa futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo hutoa presha ambayo haipo, na mtu akaanzishiwa dawa bure. Kwa mkono wa sentimita 32 hadi 42 omba mkanda mkubwa. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono ni nyepesi kubeba lakini hukosea kwa urahisi; nunua ya juu ya kiwiko. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha endelea na ule uliotoa namba kubwa.

Usihukumu kwa kipimo kimoja cha mbio. Kwa siku saba pima asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, na jioni kabla ya kula, mara mbili kila wakati. Futa namba za siku ya kwanza, jumlisha 24 zilizobaki, gawa kwa 24. Wastani ukifika 135 kwa 85 nyumbani, au 140 kwa 90 kituoni kwa siku tofauti, hiyo ni presha, upeleke karatasi kwa daktari. Karatasi hiyo inamsaidia kuliko maneno "naisikia imepanda". Presha haisikiki.

Dawa zikianzishwa, makosa ni yaleyale kila nyumba. La kwanza ni kuacha baada ya kipimo kizuri: kipimo ni kizuri kwa sababu ya dawa. La pili ni kumeza siku ya kichwa kuuma tu. La tatu ni kuazima vidonge vya jirani, ambavyo huenda vikaharibu figo zako au vikashusha mapigo ya moyo. La nne, na hili limewahi kuleta kiharusi, ni kumpasulia mtu kidonge cha nifedipini chini ya ulimi presha inaposoma 190. Presha ikishuka ghafla, ubongo ambao mishipa yake imezoea nguvu ile hukosa damu. Mtu mwenye 180 kwa 120 asiye na dalili yoyote akae atulie, apimwe tena baada ya dakika tano, na ikibaki hapo aende kituoni siku hiyohiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona kiza, au dalili za kiharusi, hiyo ni dharura.

Kuna vitu vinavyopandisha presha kimyakimya. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kwa mgongo na magoti, hubana chumvi na maji mwilini na huongeza hatari ya mshtuko wa moyo zikitumiwa mfululizo. Urukususu nao, ukinywewa kila siku kwa kifua, hupandisha presha na kupunguza potasiamu. Mwambie daktari unavyovitumia, naye hatakasirika.

Chumvi: hesabu ya paketi

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya dukani. Hakuna anayepima chumvi ya mchuzi kwa mizani, basi pima paketi. Andika tarehe kwa kalamu siku unapoifungua. Nyumba ya watu wazima sita ina haki ya gramu 30 kwa siku. Paketi ya gramu 500 ikiisha kabla ya siku 16, kila mtu amezidisha hata kabla ya kuhesabu mkate na supu. Lengo zuri ni wiki tatu au zaidi. Nyumba yenye watoto ifanye muda uwe mrefu zaidi, maana mtoto anahitaji kidogo kuliko hiyo.

Ukipunguza kwa pupa watu watalalamika na chumvi itawekwa mezani. Punguza robo kwa wiki mbili, kisha robo nyengine. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache. Ndimu, ukwaju, embe mbichi, pilipili, tangawizi na thomu hushika nafasi. Ng'onda na papa mkavu walowekwe usiku kucha kwenye maji mengi, maji yamwagwe na kubadilishwa mara mbili au tatu, na mchuzi wake usitiwe chumvi kabisa. Kidonge cha supu, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Ukikitia, usiongeze nyengine. Magadi kwenye kisamvu au maharage ni sodiamu vilevile, na juu ya hayo huua vitamini C ya mboga. Loweka maharage usiku, yataiva bila ya magadi.

Tahadhari moja: usiache chumvi yenye madini joto ukakimbilia ya mawe isiyotiwa kitu. Upungufu wa madini joto ni tatizo linalojulikana visiwani, na mtoto aliye tumboni huyahitaji kwa ubongo wake. Tumia yenye madini joto, kidogo.

Mafuta, nazi, samaki na pera

Mafuta ya kukaangia huchacha mara mbili: kwanza kwenye rafu, pili kwenye karai. Nunua chombo kidogo kitakachoisha ndani ya mwezi, usichukue chupa nyeupe iliyokuwa inapigwa na jua mlangoni mwa duka, na nyumbani kiweke kabatini mbali na jiko.

Karaini, moto wa kukaangia katlesi, bajia au mihogo ni wa nyuzi 170 hadi 180. Kama huna kipima joto, tia kipande cha mkate: kikigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika moja hivi, yako sawa, yakitoa moshi, yamepita. Mafuta yaliyotoa moshi yameshavunjika na yana sumu za jamii ya aldehaidi, ambazo ndizo hizohizo zinazotokea utando wa seli unapochacha. Chuja kwa kitambaa baada ya kila matumizi, maana makombo yaliyoungua huyaharibu upesi. Chumvi tia baada ya kuepua. Nyumbani usiyatumie zaidi ya mara mbili au tatu. Yakiwa meusi, mazito, yanatoa povu lisilokufa au yanafuka moshi mapema kuliko siku ya kwanza, yamwage.

Kosa la wauzaji wengi wa barabarani, na la jikoni pia, ni kuongezea mafuta mapya juu ya machakavu. Yaliyochacha hayaponi kwa kuchanganywa. Hubeba mbegu ya mnyororo ule tuliousema mwanzo na kuyaambukiza yale mapya. Anayekaanga kwa biashara ni bora atumie karai dogo akamaliza mafuta, kuliko karai kubwa linalopashwa wiki nzima.

Mawese mekundu ya Pemba yana karotini na vitamini E kweli, lakini karibu nusu yake ni mafuta magumu, na ukiyachoma mpaka yakawa meupe karotini yote imekwenda. Yatumie mabichi kiasi cha kijiko kwenye mboga. Tui la nazi hatuwezi kumnyima mtu wa visiwani, na si lazima. Ila kasimile ibaki kwa siku ya Ijumaa au ya wageni. Siku nyengine pikia tui jepesi, na usichanganye tui zito na kukaanga kwenye mlo mmoja.

Samaki wa mafuta, vibua, jodari na dagaa, angalau mara mbili kwa wiki. Wapike kwa mchuzi au wachome mbali na ndimi za moto. Kibua kilichozamishwa karaini hubadilishana mafuta yake mazuri na yale machakavu. Kwa matunda, hakuna haja ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo: pera moja la wastani lina vitamini C inayotosha siku nzima, zaidi ya chungwa. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zikatwe karibu na kupikwa, zipikwe kwa maji machache na mfuniko, ndimu itiwe mwisho. Maji ya juisi yenye sukari hayahesabiwi kuwa tunda.

Kuhusu sukari ya damu maneno ni machache: aliyevuka miaka 40, mwenye tumbo kubwa, au mwenye mzazi mwenye maradhi hayo apime kila mwaka. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi (miligramu 126 kwa desilita), kirudiwe siku nyengine. Sukari iliyozidi huyafanya majiko ya seli yawake kupita kiasi, na presha na sukari vikikaa nyumba moja, kila kimoja humsaidia mwenziwe kubomoa.

Moshi

Chembe za moshi wa kuni ni ndogo kiasi cha kupenya mapafu na kuathiri mishipa moja kwa moja. Kaboni monoksaidi iliyomo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mpishi anapumua hewa lakini moyo wake una njaa. Asiyeweza kununua gesi leo anaweza kufanya haya: kuni zianikwe zikauke hasa na zipasuliwe nyembamba, chungu kifunikwe, maharage na choroko zilowekwe ili moto uwake muda mfupi, jiko liwe na matundu mawili yanayotazamana ili upepo upite, mtoto mchanga asibebwe mgongoni pale. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani usiku hata siku ya mvua kubwa. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayoua watu usingizini, maana gesi ile haina harufu. Ubani na udi pia ni moshi: fukiza, kisha fungua madirisha, na usifukize alipo mwenye pumu au maradhi ya moyo.

Sigara, shisha na tumbaku ya kwenye tambuu zote humwaga adrenalini na kukaza mishipa. Anayetafuna tambuu si lazima aache popoo na chokaa siku moja. Aanze kwa kuondoa tumbaku. Mvuta sigara akiacha, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya maradhi ya mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea.

Ramadhani, jua na mkarafuu

Mwenye presha iliyotulia kwa kawaida anaweza kufunga, lakini ratiba ya dawa ipangwe na daktari wiki kadhaa kabla, isipangwe usiku wa kuandama mwezi. Za mara moja kwa siku huwekwa baada ya futari. Za mara mbili, futari na daku. Dawa ya kukojoa ikimezwa daku humkausha mtu mchana kutwa, hivyo mara nyingi huhamishiwa jioni. Kunywa glasi moja ya maji karibu kila saa baina ya futari na kulala, usiyamimine yote kwa pamoja. Mwenye moyo uliopanuka au figo dhaifu afuate kiasi alichopangiwa. Mwenye maradhi ya sukari akipima chini ya 3.9 au juu ya 16.6 afungue, hata kama imebaki nusu saa magharibi. Sambusa na kachori za kila siku kwa siku thelathini ndizo zinazorudisha presha juu ifikapo Shawwali.

Msimu wa karafuu, anayetumia dawa za presha apimwe akiwa amesimama dakika tatu kabla ya kupanda mti. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi kuliko alipokuwa amekaa, au akaona kizunguzungu, asipande, achambue chini. Kuanguka kutoka kwenye mkarafuu kumevunja migongo mingi, na dawa inayoshusha presha pamoja na jasho ni njia nyepesi ya kufika huko.

Kutembea, kulala, kupumua

Dakika 150 kwa wiki za mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Anza na dakika kumi kwa siku, ongeza tano kila wiki. Ufukweni bahari ikipwa, mchanga mgumu ni mahali pazuri. Kifua kikibana ukitembea na kuacha ukisimama, usiongeze mwendo. Nenda kapimwe moyo.

Usingizi uwe saa saba au zaidi. Anayekoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza kama hapumui, kisha akashtuka kwa kishindo, oksijeni yake hushuka na kurudi mara nyingi kwa usiku mmoja, na kila inaporudi huja na cheche. Alale ubavu, apunguze uzito, amwambie daktari, hasa kama presha yake haishuki kwa dawa. Kwa wasiwasi na dhiki za maisha, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika kumi, pumzi sita kwa dakika. Hupunguza adrenalini. Haichukui nafasi ya kidonge.

Siku likitokea

Kiharusi kina dalili tatu ambazo hata mtoto wa skuli anaweza kuzijua. Mwambie mtu atabasamu: upande mmoja wa uso unashuka? Anyanyue mikono yote miwili afumbe macho: mmoja unaanguka? Aseme sentensi fupi: maneno yanaburuta au hayaeleweki? Moja tu ikionekana, ondoka. Dalili zikiondoka zenyewe baada ya dakika kumi, nenda vilevile, kwani hilo ni onyo la kikubwa kinachokuja. Makadirio yaliyochapishwa 2006 yanasema mshipa mkubwa wa ubongo ukizibwa, seli karibu milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu, tena baada ya picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba si mshipa uliopasuka.

Kwa sababu hiyo aspirini haitolewi nyumbani kwa anayeshukiwa kiharusi: kama mshipa umepasuka, itazidisha damu. Usimpe maji, uji wala kidonge chochote. Koo huenda limepooza na atavuta mapafuni. Mlaze ubavu, kichwa kiinuke kidogo. Usimpe dawa ya kushusha presha, kwa kuwa ubongo uliozibwa unategemea nguvu hiyo. Kama kuna mashine ya sukari, mpime: sukari iliyoshuka sana huiga kiharusi kabisa. Mafuta ya kuchua hayafiki ubongoni. Kisomo hakikatazwi na mtu. Kisomwe ndani ya gari.

Maumivu ya kifua yanayokandamiza zaidi ya dakika 15, yakipanda taya au kushuka mkono wa kushoto, pamoja na jasho baridi, ni jambo jengine. Hapo, kama uso na maneno yako sawa na hana mzio wala vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, atafune aspirini ya miligramu 300, au nne za 75. Mwenye maradhi ya sukari, na wanawake wengi, huenda wasipate maumivu hayo. Huchoka ghafla na kukosa pumzi. Asitembee kwenda kituoni kwa miguu, wala asipande pikipiki akishikilia.

Damu ikirudi kwenye sehemu iliyokaa bila hewa, majiko ya seli yaliyokuwa na njaa hupokea oksijeni kwa mkupuo na kutoa cheche nyingi kwa dakika chache. Ndiyo maana mtungi wa oksijeni haufungwi kwa kila mgonjwa: kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikiwa kizuri, oksijeni ya ziada haisaidii na inaweza kudhuru. Mhudumu asipoufungulia, msigombane naye.

Maandalizi hufanywa watu wakiwa wazima. Uliza sasa ni hospitali gani yenye CT inayofanya kazi usiku, iwe unaelekea Abdalla Mzee kule Mkoani au Mnazi Mmoja mjini Unguja. Anayeishi Kojani, Fundo au Makoongwe ajue mwenye boti ni nani, awe na namba yake, na lita kadhaa za petroli ziwe zimehifadhiwa, kwa sababu bahari ndiyo itakayokula saa nzima ya kwanza. Mfuko wenye dawa zote za mgonjwa, karatasi ya presha na kadi zake ukae mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua.

Na andika saa. Siyo saa mlipomkuta, bali saa ya mwisho mtu alipomwona yuko sawa. Kama aliamka naye hali ile, ni saa aliyolala. Andika kwa Kiswahili kamili, "saa tatu usiku" au "saa tatu asubuhi", kwa sababu "saa 3" peke yake, akiisoma aliyezoea saa za Kizungu, hugeuka kuwa saa tisa, na mgonjwa aliyekuwa ndani ya muda wa dawa akahesabiwa kuwa amechelewa.